Wakikuuliza Unataka Mshahara Kiasi Gani

Kigongo, Ijumaa mchana

Mwanangu Minza,

Umeenda Misungwi kumuaga bibi yako na hutarudi mpaka jioni, kwa hiyo nimepata nafasi ya kukaa mezani na kalamu. Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la zamani la hesabu. Sitakuandikia habari za blanketi, wala dawa za tumbo, wala namna ya kuishi na wenzako chumbani huko Dodoma. Hayo utayaona mwenyewe, na mengi unayajua kuliko mimi. Nataka kujibu swali uliloniuliza Jumapili.

Ulikuwa umekaa mlangoni na simu mkononi, unajaza fomu ya lile duka la fotokopi karibu na chuo, wanaotafuta mwanafunzi wa kufanya kazi jioni tu. Ukaniita.

"Mama, hapa wanauliza natarajia mshahara kiasi gani. Niandike nini?"

Nikasema, "Andika utakavyoona. Ila usiandike kikubwa, utawakimbiza."

"Sasa kidogo ni kiasi gani? Na kikubwa ni kiasi gani?"

Nikajifanya nasikia sufuria inachemka, nikaingia ndani. Hakukuwa na sufuria yoyote jikoni, Minza. Moto ulikuwa umezimika tangu asubuhi. Nilisimama tu pale gizani, nikasubiri uache kuuliza. Nilipotoka ulikuwa umezima simu, na najua ile nafasi uliiacha wazi, kwa sababu jana nilikusikia ukimwambia mjomba wako Shija kwamba fomu haijaisha.

Nilikukimbia kwa sababu swali hilo limeshaniharibia mambo mawili katika maisha yangu. La tatu limetokea juzi Jumanne, na hulijui.

Nianze mbali kidogo. Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Baba yako alikuwa ameshavuka kwenda machimboni Geita, na kurudi kwake unajua kulivyokuwa: hakurudi. Nilikuwa nakaa Mwanza mjini, Igogo, chumba kimoja na rafiki yangu Kabula. Humkumbuki. Ni yeye aliyekufundisha kutembea. Alikuwa anakuwekea ndizi mbivu kwenye kigoda upande wa pili wa chumba na kukuita. Alitoka Kwimba kama mimi, tulisoma darasa moja mpaka la saba, na alikuwa na mdomo. Mimi nilikuwa mpole. Watu walikuwa wananisifia upole, na mimi nikaamini kwamba upole ni kazi.

Siku moja tukasikia kuna kiwanda cha samaki kinatafuta wanawake wa kukata minofu ya sangara, zamu ya nusu siku. Tukafurahi sote wawili. Mwenye nyumba alikubali kukaa na wewe asubuhi, mchana nikuchukue. Tukaamka, tukaoga, tukaenda. Tulikuta foleni ndefu. Ndani alikaa msimamizi, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, na daftari mbele yake. Alikuwa anaita wawili wawili. Tukaingia pamoja.

Akaniangalia mimi kwanza. "Umewahi kukata samaki?"

"Ndiyo, bosi."

"Unataka tukulipe shilingi ngapi kwa siku?"

Minza, sikuwa nimefikiria kabisa. Nilidhani bei ya kazi inapangwa na mwenye kazi, kama mvua inavyopangwa na Mungu. Nikaona pia akiniuliza hivyo ananipima adabu. Nikatazama chini nikasema, "Chochote tu bosi, nyie mtakachoona."

Akacheka kidogo. Hakunicheka vibaya, alicheka kama mtu aliyepewa zawadi. Akaandika elfu mbili.

Akamgeukia Kabula. "Na wewe?"

Kabula akasema, "Bosi, samahani, nikuulize kwanza. Nusu siku ni kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Akamwambia, saa moja mpaka saa saba.

"Na samaki wakiwa wengi, tukapitisha saa saba, inahesabiwa vipi?"

Msimamizi akaweka kalamu chini. Mimi nikambonyeza Kabula kiunoni anyamaze. Akautoa mkono wangu.

"Inahesabiwa," msimamizi akasema.

"Na nauli? Na visu na mabuti ni vyenu au vyetu?"

Wakaulizana na kujibizana pale, kwa utulivu, kama watu wanaonunua ng'ombe. Mwisho Kabula akasema, "Wenzangu wanaofanya kiwanda cha pili wanapata kati ya elfu tatu na nusu na elfu nne na nusu. Nikipata kwenye hapo nitafanya kazi vizuri." Halafu akanyamaza. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Alinyamaza kweli. Kulikuwa na feni inalia juu, na hakuna aliyesema kitu. Nilitaka nimwombee msamaha.

Msimamizi akaandika elfu nne.

Utaniuliza, sasa wewe Mama si ulisikia, kwa nini hukusema palepale na mimi nataka hiyo? Nilisikia. Kabula mwenyewe alinisukuma. Tulipotoka nje aliniambia, "Rudi. Mwambie hukuelewa swali." Nikamwambia nimeshasema, nitaonekana kigeugeu. Akaniambia rudi kesho. Nikasema nitarudi mwisho wa mwezi wakishaona kazi yangu. Mwisho wa mwezi nikasema nitasubiri Pasaka. Nilikuwa na mwezi mmoja mmoja wa kusubiri, na kila mwezi niliona mwezi ujao utakuwa na ujasiri zaidi.

Nusu siku yangu ikawa siku nzima. Kwa kuwa sikuuliza saa, nilibakizwa kila samaki walipozidi. Mwenye nyumba akachoka. Nilikuwa narudi nakukuta umelala sakafuni kwenye korido yake na kamasi zimekauka usoni. Kabula alikuwa ananikuta nakuosha, ananisaidia. Wakati huo bado alikuwa rafiki yangu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata kanisani.

Ilikuwa miezi saba au minane tangu tuanze. Samaki walipungua ziwani, mizigo ikawa midogo, tukajua kuna kitu kitatokea. Asubuhi moja msimamizi akatukusanya wanawake wote kwenye ukumbi wa barafu, tukiwa na mabuti na aproni. Akasema kiwanda kina hali ngumu na kuanzia wiki ile kila mtu atalipwa elfu mbili. Wanawake wakaguna. Kabula akainua mkono, akasema hiyo haifiki hata nusu ya kile tunachokula na kupanda gari.

Msimamizi hakukasirika. Akatembea mpaka niliposimama, akaniwekea mkono begani.

"Huyu mama anafanya kazi ileile," akasema. "Ana mtoto mdogo. Hana mume. Tangu siku ya kwanza analipwa elfu mbili, hajawahi kulalamika, na anabaki mpaka jioni. Kama haitoshi, yeye anaishije?" Halafu akainama kidogo, akanitazama usoni. "Au nasema uongo, mama?"

Wanawake wote walinigeukia. Tulikuwa kama arobaini. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ningesema haitoshi. Ningesema mwanangu analala sakafuni. Ningeweza hata kulia, wangeelewa.

Nikasema, "Ni kweli, bosi."

Basi. Kazi ikaendelea. Asiyetaka aliambiwa mlango uko wazi, na kwa sababu kila mmoja alikuwa na watu wa kulisha, walitoka watatu tu. Mmoja wao alikuwa Kabula. Nilimkuta chumbani anafunga nguo kwenye kanga. Nikaanza kusema nimekosea, sikujua nifanye nini, alinishtukiza.

Akasema, "Mama Minza, sijakasirika kwa sababu unalipwa kidogo. Mimi nimekasirika kwa sababu amekuuliza mbele yetu na wewe ukamjibia yeye. Wale wamama wana watoto kama wako."

Nikamwambia, "Nilikuwa najitafutia mimi na mtoto wangu tu. Sikumgusa mtu."

Akasema, "Ndivyo ulivyofikiri?"

Akakubusu kichwani, akaenda kwao. Nilisikia baadaye yuko Bunda, ana duka la nguo. Nilibaki kiwandani mwaka mzima kati ya wanawake ambao hawakunisalimia. Siku mabuti yangu yalipotoboka hakuna aliyeniazima. Hawakunitukana. Wangenitukana ningepata nafuu.

Ninakuandikia hili ujue kwamba ukitaja bei yako, hutaji yako peke yako. Huko Dodoma kutakuwa na binti mwingine wa mbele yako na mwingine wa nyuma yako. Yule wa nyuma ataambiwa mwenzako alikubali kiasi hiki. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshawaumiza watu thelathini na tisa.

La pili ni fupi. Nilipotoka kiwandani nilikuwa na hasira, na nikaapa sitasema tena lile neno "chochote". Nikaenda kuomba kazi kwenye bweni la shule moja, walitaka mpishi wa asubuhi peke yake. Mama mmoja mstaarabu akaniuliza natarajia kiasi gani. Nikataja hela ya kutosha kulipa muda wote ule wa minofu. Niliitaja kwa sauti ya juu, nimekunja uso. Sikuuliza saa, sikuuliza wanalipaje wengine, sikujua hata watoto ni wangapi. Yule mama akasema "sawa, tutakupigia," na macho yake yakawa yameshahama. Baada ya wiki nilisikia nani amechukuliwa, na hela aliyopewa ilikuwa nzuri, ningeishi nayo vizuri kabisa. Ningeipata kama ningeuliza tu. Ndipo nikaja Kigongo kuuza chai na maandazi pale kivukoni, ambapo bei ilikuwa imeshapangwa na hakuna aliyeniuliza najithamini shilingi ngapi. Umekulia hapo. Hilo ndilo lilikuwa maficho yangu, Minza. Ulidhani ni biashara.

Kabula alikuja kivukoni mara moja. Ulikuwa darasa la tano, ulikuwa shuleni. Alishuka kwenye basi na abiria wengine kusubiri pantoni, amenenepa, amevaa vizuri. Alinijua na mimi nikamjua. Akaketi kwenye benchi langu, akanywa chai, akala maandazi mawili. Tuliongea habari za mvua. Nilikuwa natafuta mlango wa kuingilia niseme lile la ukumbi wa barafu, na pantoni ikapiga honi. Akasimama, akafungua pochi.

"Shilingi ngapi?"

Nilifurahi mno kumwona, nikasema, "Aa, Kabula, wewe toa chochote tu."

Akanitazama muda mrefu. Akahesabu hela kamili, akaiweka kwenye meza moja moja, akasema, "Mimi nakunywa chai ya bei yake," akaondoka kwenda kupanda. Sijamwona tena.

Sasa nijibu swali lako, maana kujibu najua. Nimekaa nalo miaka kumi na nane.

Wakikuuliza kabla hujajua kazi yenyewe, uliza kwanza. Siku ngapi kwa wiki, saa ngapi mpaka saa ngapi, na siku za mitihani itakuwaje. Uliza kazi ni kutoa fotokopi tu au na kufagia, na kubeba karatasi, na kufunga duka. Usiku ukikukuta huko utarudije chuoni, na kwa hela ya nani. Mtu anayekuuliza bei anakuwa ameruhusu na wewe uulize. Mimi nilidhani ni utovu wa adabu. Hata yule msimamizi hakumwona Kabula hana adabu. Alimwona ni mtu.

Kabla ya kwenda huko, tafuta wanafunzi wawili watatu wanaofanya kazi kama hiyo uwaulize wanapata nini kwa saa. Watakuambia, hasa ukiwaambia na wewe. Kisha kaa peke yako ujue kiwango ambacho chini yake unakuwa unawalipa wao ili ufanye kazi, ukishatoa nauli na chakula na muda wa kusoma. Hicho usikiseme kwa mtu. Kiweke moyoni tu, ukifika hapo usimame useme asante na kuondoka. Wewe taja kati ya kiasi hiki na kiasi hiki, na hicho cha chini ulichokitaja kiwe ni kile ambacho ukipewa hutanung'unika. Kwenye ile fomu andika hivyohivyo, uongeze kwamba itategemea saa na majukumu. Usiiache wazi. Nafasi iliyo wazi wataijaza wao.

Na ukishataja, nyamaza. Hapo ndipo wengi tunapoharibu. Tunataja, halafu tunaona kimya, tunaanza kujipunguza wenyewe kabla mtu hajafungua mdomo.

Unaona ninavyojua? Ningeweza kuwafundisha wengine. Sasa nikuambie la Jumanne.

Tangu daraja lifunguliwe, unajua benchi langu lilivyo. Magari yanapita juu, watu wanavuka kwenda Busisi kwa dakika chache, na hakuna anayeshuka kunywa chai. Siwalaumu. Hata mimi nilishangilia siku ile. Lakini wewe ulikuwa shuleni wiki nyingi, hukuona mimi nikirudi na beseni zima la maandazi. Mkopo wako wa chuo haukutosha, ukaanza kutafuta kazi ya jioni, na mimi nikaona aibu kwamba mwanangu anakwenda kusoma na kibarua mkononi. Nikasikia kuna nyumba ya wageni upande wa Busisi inatafuta mama wa kupika kifungua kinywa, asubuhi tu. Jumanne nilipokuambia naenda sokoni, nilikuwa naenda huko.

Nilipanda bodaboda mpaka mwanzo wa daraja, nikasema nitavuka kwa miguu ili nipate muda wa kujizoeza. Nilitembea nikisema kwa sauti, na upepo ulikuwa mkali hakuna aliyenisikia. Saa ngapi mpaka saa ngapi. Wageni wangapi. Nauli ni ya nani. Nilikuwa nimeulizia mpaka nikajua wapishi wa Usagara wanapata nini. Nilikuwa na kiwango changu cha moyoni. Katikati ya daraja nilikisema mara nyingi mpaka kikaacha kunitisha.

Nilikuta meneja ni binti, labda amekuzidi miaka minne. Akasimama aliponiona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akanipa kiti, akanipa maji. Akaniuliza ninachopika, nikamweleza, akafurahi. Alikuwa mtu mzuri, Minza. Nataka ujue hilo, usije ukadhani nilikutana na mtu mbaya. Akafungua kompyuta yake, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, unatarajia mshahara kiasi gani?"

Kila kitu kilikuwepo. Nilikihisi kwenye ulimi. Nikaona mikono yangu mapajani, nikaona umri wangu, nikaona benchi langu tupu na wewe unaondoka na nusu ya ada. Nikasikia mtu anasema, "Chochote tu mwanangu, mtakachoona."

Binti akasita. Nadhani alitaka nitaje. Alisubiri, vidole viko juu ya kompyuta, akanitazama kama anayenipa nafasi ya pili. Na mimi nikaongeza, "Mimi sina shida." Basi akaandika. Hajaniibia. Aliandika kile nilichompa.

Kwa hiyo usinichukulie kama mtu aliyejifunza. Nimekaa na jibu muda wote huo na halijanisaidia kitu. Sijui kama kujua kunatosha. Labda kuna umri ambao lile neno "chochote" likishakuingia halitoki, na mimi nilishaupita nikiwa na miaka ishirini na mbili kwenye kile chumba chenye feni. Naogopa kwamba Jumapili, nilipokuambia usiandike kikubwa, nilikuwa nakupa na wewe. Naogopa umeshalipokea. Ulipoiacha ile nafasi wazi nilijua mkono ule, ni wangu.

Mjomba Shija atakuja na pikipiki saa kumi na moja alfajiri akupeleke Usagara, basi litapita hapo. Ukiamka nitakuwa nimeshaondoka. Kazi inaanza kesho, na wanaanza kupika saa kumi na moja kamili. Sikuuliza saa. Nilipoambiwa ni Jumamosi, neno lilikuwepo, kwamba Jumamosi mwanangu anasafiri, naomba nianze Jumapili. Yule binti angekubali, nina hakika. Sikulisema. Basi lako likipita Usagara mimi nitakuwa upande wa pili wa maji nakata vitunguu vya watu nisiowajua, na nitajua ni saa ngapi, na sitainua kichwa.

Chai iko kwenye chupa. Barua hii nitaiweka ndani ya gauni lako la bluu, uisome ukiwa njiani, wakati huwezi kurudi.

Ukifika nipigie, lakini iwe baada ya saa sita mchana. Kabla ya hapo haturuhusiwi kushika simu. Hilo niliambiwa nikiwa nimeshafika mlangoni, na nikasema asante.

Mama yako